Tupeane uzoefu: Wewe uliyeishi karibu na bunduki, nani aambiwe kabla haijalia?

BoksiLaUsiku

Wakuu, salaam. Kila mara mtu akimimina risasi shuleni au dukani huko Marekani, humu tunabishana siku mbili. Huyu "wapige marufuku", yule "anayeua ni mtu, si chuma", halafu tunahamia kwenye mpira. Safari hii naomba hoja ije na uliyoyaona. Kama hujawahi kukaa karibu na bunduki, soma tu, ruksa. Na wauaji tusiwataje majina, wameshapata umaarufu wa kutosha.

Naanza mwenyewe. Naishi Lewiston, jimbo la Maine. Mji mdogo, Wasomali wamejaa miaka mingi, na sisi wa Kongo na Burundi tumekuja nyuma yao. Jioni ya tarehe 25 Oktoba 2023 nilikuwa zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Simu zote zikalia kwa mpigo: jifungieni ndani. Mtu ameingia ukumbi wa boling, akatoka akaenda baa, watu 18 wamekufa, na hajakamatwa. Hadi jioni ya tarehe 27 mji ulikuwa umejifungia, na usiku huo ndipo akakutwa amekufa. Wa kutupokea zamu hawakuweza kufika, tuliokuwepo tukabaki. Tulizima taa za mbele, tukasukuma kabati mlangoni. Bibi mmoja mwenye maradhi ya kusahau kila mara ananiuliza mbona pazia limefungwa mchana, nami namjibu ni baridi, mama.

Nyumbani, mama mkwe wangu aliyekimbia vita Fizi, Kongo, ndiye aliyewapanga: wote kwenye kolido mbali na dirisha, viatu miguuni, maji ya kunywa kwenye ndoo. Mke wangu anasema bibi hakuonekana hata kushtuka.

Lakini yaliyoniuma zaidi yalitoka baadaye, mbele ya tume iliyochunguza mauaji hayo. Yule alikuwa askari wa akiba. Familia yake ilishawaeleza polisi tangu Mei kwamba akili yake haiko sawa na nyumbani ana silaha. Julai akalazwa hospitali. Septemba mwenzake jeshini akaandika kwamba anahofia jamaa ataua watu wengi. Polisi wakaenda, wakagonga, hakufungua, wakaondoka. Tume ikasema sheria iliyokuwepo iliwatosha kumnyang'anya silaha. Ilikuwa na mzunguko wake: polisi wamshike kwanza, mtaalamu wa afya ampime, ndipo afikishwe kwa hakimu. Novemba 2025 wananchi wa hapa wamepiga kura familia iruhusiwe kwenda mahakamani moja kwa moja. Mimi bado si raia, kazi yangu ilikuwa kuwapeleka majirani kituoni kwa gari.

Swali basi: kwenu, mtu wa karibu akiona ndugu yake anabadilika na silaha anayo, anamwambia nani? Na anayeambiwa anafanya nini?

MkerioHalisi

Swali zuri ndugu, lakini kwetu limekaa kinyume. Kwetu kila mtu anajua.

Nimezaliwa bonde la Kerio, Kenya, upande wa Marakwet. Mzee alikuwa polisi wa akiba, NPR, kazi ya kujitolea, hakuna mshahara. Bunduki ya serikali, G3, ilikuwa nyuma ya mlango na hatukuigusa, maana kila risasi ilihesabiwa. Akifyatua moja, kesho yake anatembea hadi kituoni kumweleza OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ilienda wapi, na anaeleza kama mtoto aliyevunja sahani. Mimi nikisikia udhibiti wa silaha nakumbuka lile daftari. Zilizotutisha ni zile zisizo na daftari, AK zilizovuka mpaka, ambazo mtu anazifunga nailoni anazizika shambani.

2016 niliona kwenye runinga serikali ikichoma silaha 5,250 pale Ngong. Nilifurahi sana. 2019 wakaja kwetu kuwanyang'anya NPR zao. Mzee akarudisha, akatia sahihi. Wale wezi wa ng'ombe waliokuwa wakituvamia hawakuwa na la kurudisha, kwa sababu zao hazikuandikwa popote. Unaweza kukisia yaliyofuata. Giza likiingia tulikuwa tunapanda juu kwenye mawe na watoto, nyumba tunaziachia mbuzi. Walimu wakaomba uhamisho. Februari 2023 ndiyo jeshi likaletwa.

Sasa kuhusu kusema. Kijana mwenye chuma anajulikana kwa jina, na chifu anamjua. Nani atamtaja? Ng'ombe aliowaleta ndio waliolipa karo ya wadogo zake na mahari ya kaka yake. Mnaposema familia iende kwa hakimu, naitikia kwa adabu tu. Kwetu wakati mwingine familia ndiyo iliyochanga akainunua.

Kisamvu_cha_Nazi

Mkerio umetupiga chini na hiyo ya mwisho. Nilikuja na hotuba yangu, nimeifuta.

MdauUpanga

Sisi wa Dar tunajidanganya kwamba haya ni ya wengine. Tarehe 25 Agosti 2021, mchana, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi, naye akauawa pale pale. Ofisi yangu haiko mbali na Salenda. Tuliposikia milio tulidhani ni tairi, ikafuata mingi mfululizo.

Nataka niseme jambo moja tu. Watu walikimbilia kule kule risasi zinakolia. Simu juu! Kuna jamaa alipanda kwenye boneti ya gari la mtu apate picha nzuri. Muuza maji mmoja, kijana mdogo kabisa, ndiye aliyekuwa akiwarudisha watu nyuma kwa matusi, na hakuna aliyemsikiliza. Hadi jioni video zilikuwa kwenye kila grupu, za ukoo, za kanisa, za vikoba. Mtoto wangu wa darasa la nne aliiona kwenye simu ya dada wa kazi kabla sijafika nyumbani.

Watoto wa Marekani wanafundishwa kujificha, na inasikitisha. Wetu hawajafundishwa hata kulala chini.

Shangazi_Eld

MdauUpanga, subiri kidogo hapo kwenye kufundishwa.

Mwaka 2015 nilikuwa Moi University, Eldoret. Baada ya magaidi kushambulia chuo kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili, watu 148 wameuawa, walionusurika waliletwa kwetu wamalizie masomo. Mmoja alipangiwa chumba chetu. Alilala na suruali ya jinzi na raba miguuni muhula mzima. Umeme ukipotea, jenereta ikiwaka, anakuwa chini ya kitanda kabla hujamwita. Majuma ya kwanza wageni hawakuisha: maaskofu, masheikh, wanasiasa, magodoro, maombi, picha. Kufikia Julai ni sisi wanne wa chumba hicho tu, watoto wa miaka ishirini ambao hatukujua tumwambie nini. Mshauri nasaha alikuwepo, ila foleni yake ilikuwa ya kukata tamaa, na kwenda kwake mchana kweupe watu wanakuona.

Novemba mwaka huo huo chuo kimoja Nairobi kikafanya mazoezi ya shambulio, milio ikasikika, wanafunzi hawakuelezwa vizuri. Watu wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alikufa. Kwa mazoezi! Rafiki yetu alisikia habari redioni, akafunga begi, akaenda kwao wiki mbili.

Kwa hiyo fundisheni, lakini mjue mnamfundisha nani, na amebeba nini tayari.

Na kwa swali la mwenye uzi: siku chache kabla ya Garissa tahadhari ilikuwepo kwamba vyuo vinaweza kushambuliwa. Waliopaswa kujua walijua.

MtuWaUvira

Mimi nitasema tofauti, na msinirukie.

Niko Louisville, Kentucky. Nimekulia Uvira, Kongo, nimeona vijana wa umri wa mwanangu wa sasa wamebeba Kalashi ndefu kuliko miguu yao. Niliapa sitagusa bunduki. Halafu duka ninalouza usiku likavamiwa, nikalazwa chini na mtutu kisogoni, na polisi wakafika wakati barafu niliyoweka kwenye jicho imeshayeyuka. Wiki hiyo hiyo nikaenda kununua bastola. Sina uraia, nina grinikadi tu. Nikajaza karatasi, wakaniangalia kwenye kompyuta, nikatoka nayo. Leseni ya udereva niliihangaikia zaidi. Na ningeinunua kwa mtu binafsi, hata hiyo karatasi nisingeiona.

Basi siko upande wa wanaosema tuzipokonye zote. Mkerio ameshawaeleza anayebaki uchi ni nani. Lakini kuna mambo hapa yanachekesha hadi unalia. Tarehe 10 Aprili 2023 mfanyakazi wa benki hapa mjini aliua wenzake watano kwa bunduki aliyoinunua kihalali siku chache kabla. Meya akasimama mbele ya kamera kulalamika kwamba, kwa sheria ya jimbo, silaha ile iliyokamatwa inatakiwa iende kupigwa mnada. Irudi mtaani! Kwetu Uvira hata hatukuwahi kufikiria hiyo.

Yangu iko kwenye sanduku la chuma linalofunguka kwa kidole changu peke yake. Mke wangu hataki hata kulitazama.

BoksiLaUsiku

Kaka wa Uvira, karibu, hakuna wa kukurukia. Nikuulize tu bila hila. Sisi wa Maine kilichotushtua ni watu 18 usiku mmoja, lakini zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani wamejipiga wenyewe. Kazini kwangu nimeona wazee wawili ambao watoto wao walikuja kuchukua bunduki za kuwindia wakazipeleka kwingine, kimya kimya, baada ya mama kufariki. Hakuna polisi, hakuna hakimu. Siku wewe ukilemewa, la kidole chako litakusaidia nini?

MtuWaUvira

Umenishika. Nilishalifikiria. Shemeji yangu anajua sanduku liko wapi, na nimemwambia akiniona sili au silali, aje abebe sanduku zima. Nisipompa kwa hiari anibebe na mimi.

MkerioHalisi

Huyo shemeji ndiye OCS wako sasa.

BoksiLaUsiku

Haswa. Ila umeona kwamba hapo umemtaja mtu anayeambiwa, wakati juzi ulisema hakuna?

MkerioHalisi

Shemeji wa Louisville hagawiwi ng'ombe, bro. Mpe hata watatu, tuone kama atabeba hilo sanduku.

MamaWaMapacha

Naomba kuingilia, nina haraka. Niko Ohio, wanangu wamealikwa kulala kwa rafiki yao wa darasani Jumamosi. Ni Wamarekani, watu wazuri, tunasalimiana. Nawauliza vipi kama wana bunduki na imefungwa wapi bila kuonekana nawatukana?

Shangazi_Eld

Kwetu ungetuma mtu mzima aulize. Huko sijui.

MtuWaUvira

Mama, uliza kwa simu, na uiunganishe na mengine: mmoja ana mzio wa karanga, mbwa wenu ni mkali, na je, kama mna silaha iko chini ya kufuli? Sema hayo matatu kwa pumzi moja. Mimi huulizwa hivyo na wazazi wa hapa na sijawahi kukasirika, naenda napiga picha ya sanduku nawatumia. Akikasirika, wanao walale kwako, na huyo rafiki yao aje.

MamaWaMapacha

Mzio wa karanga hawana, lakini nitauweka. Napiga jioni akitoka kazini.