Wasanii, wabunifu na maduka ya kupambia nyumba Dar: mtu aanzie wapi?

Mpangaji wa Kijitonyama ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nimehamia kwenye nyumba ya kupanga hapa Kijitonyama. Sebule ni pana, kuta ni nyeupe, na mpaka sasa ndani yake hamna kitu zaidi ya viti vya plastiki na televisheni. Nataka nyumba inayoonyesha kwamba anayekaa humo ni mtu wa Dar es Salaam, isiyofanana na ukumbi wa mapokezi wa hoteli. Maduka makubwa ya samani niliyopita yanauza makochi yale yale ya kutoka nje pamoja na picha za ukutani zilizochapwa kiwandani, na kwenye Instagram nakutana na kurasa nyingi zenye picha za kuvutia ambazo hazisemi kitu kimetengenezwa na nani. Naomba mnielekeze wasanii, wabunifu na maduka mnayoyafuatilia ninyi wenyewe, na mniambie mtu asiye na fedha nyingi anunue nini kwanza.

Mpenda Michoro amejibu:

Ndugu mpangaji, hongera kwa kuhamia. Ushauri wangu ni kwamba maduka yasubiri, uende kwanza mahali kazi zinapofanyiwa, kwa sababu ukimkuta msanii akiwa kazini unajua unachokipenda upesi kuliko kwa kupitisha kidole kwenye simu. Si mbali na kwako, Mikocheni B kwenye eneo la viwanda vidogo, ipo Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako makontena ya meli yamegeuzwa studio za wasanii na pia kuna maonyesho. Pale unaweza kuzungumza na mchoraji mbele ya kazi ambayo rangi yake haijakauka, ukauliza bei bila dalali.

Kwa michoro ya mtindo wa Tingatinga, nenda kwenye ushirika wa wachoraji pale Morogoro Stores, Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za aina inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, naye akafariki mwaka 1972. Mtindo wote unaouona leo umetokana na miaka hiyo michache na ndugu na wanafunzi aliowaachia. Twiga na machweo yanauzwa kila kona ya mji, na mengi yamechorwa kwa haraka ya kumsubiri mtalii. Kwa sebule ya Dar mimi ningetafuta picha za sokoni, hospitalini na mitaani, zenye watu wengi na vituko vingi, kwa kuwa humo ndimo mchoraji anapolazimika kubuni.

Kwa upande wa kazi za kisasa, mfuatilie Sungi Mlengeya, aliyezaliwa mwaka 1991, anayechora wanawake weusi ambao mavazi yao na mandhari yao vyote vimeachwa vyeupe. Bei zake si za sisi wapangaji, lakini ukizitazama kazi zake kwa makini utaacha kuuona ukuta mweupe kama pengo linalodai kujazwa. Mwingine ni Lute Mwakisopile, anayechonga mbao na kuzichapa kwenye karatasi, ambaye pamoja na Haji Chilonga alikuwa miongoni mwa wasanii wa banda la Tanzania kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, ya mwaka 2024. Nakushauri uulizie hasa kazi za kuchapa, za msanii yeyote utakayempenda: ubao mmoja hutoa nakala kadhaa, kwa hiyo kila nakala huwa na bei nafuu kuliko mchoro wa turubai, na bado ni kazi ya mkono wa msanii.

Seremala wa Keko amejibu:

Mwenzangu amesema vyema, ila picha hazikaliwi. Kwa samani njoo Keko, na usije na picha ya simu peke yake. Njoo na vipimo vya chumba na vya mlango, kwa sababu makochi mengi ya kwenye picha hizo yamebuniwa kwa ajili ya vyumba vikubwa kuliko vyetu.

Uliza mbao kabla ya kuuliza bei. Mninga una rangi ya kahawia yenye mistari mizuri na ukikauka haupindi ovyo. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Mtiki hupandwa mashambani na hustahimili unyevu. Lakini hata mninga bora ukifanyiwa kazi ukiwa mbichi, kisha meza ikawekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, maungio yataachana, kwa kuwa mbao hunywea kadiri maji yanavyotoka. Mwambie fundi akuonyeshe mbao zake zilikoanikwa, na mkubaliane kwamba utakuja kukagua kabla ya vanishi kupigwa, maana vanishi huficha puti, na puti huficha mengi. Inama utazame chini ya meza uone kama miguu imeungwa kwa ulimi na tundu au imepigiliwa misumari tu. Fedha ya mwisho uitoe baada ya ukaguzi huo.

Kama unapenda vitu vyenye historia, kwenye maduka ya Slipway kule Msasani utakuta samani zilizotengenezwa kwa mbao za majahazi ya zamani, ingawa bei zake zinalenga wageni. Upande huo huo wa rasi wako Wonder Workshop, mafundi wenye ulemavu wanaotengeneza sanamu na mapambo kwa vyuma chakavu na glasi. Kazi zao za chuma nazisifu kama fundi. Viungo vimechomelewa kwa usafi.

Bibi wa Kitumbini amejibu:

Wanangu, mtu ameuliza aanze na nini kwa fedha kidogo, nanyi mnampeleka kwenye mninga! Aanze na vitambaa. Aje Kitumbini na Mtaa wa Uhuru achague doti za khanga za pamba, si za polista, kisha ampelekee fundi cherehani anayejua kukata foronya ili mji wa khanga, yaani mchoro wake wa kati, ukae katikati ya mto na pindo lizunguke ukingoni. Wengi hulikata pindo na kulitupa, kumbe ndilo linalofunga mchoro. Kwa mapazia, ashonee bitana ya marekani kwa nyuma, la sivyo jua la magharibi litaikwajua rangi mapema.

Sakafuni atandike mkeka wa ukindu. Vikapu vya milulu vya Iringa hufika Dar, na anayesafiri kwenda huko apite Neema Crafts, karakana iliyoanza mwaka 2003. Vyungu vya Ikombe, Ziwa Nyasa, navyo vinapendeza sana pembeni ya mlango. Asiyeweza kusafiri asubiri maonyesho ya biashara ya Sabasaba, kwani mafundi wa mikoani huja wenyewe, na mazungumzo ya pale yana faida kuliko manunuzi. Na anayependa kujua rangi zinakoelekea atazame Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008. Wabunifu wa mavazi hutangulia, mapazia hufuata.

Mpangaji wa Kijitonyama ameandika:

Shikamoo Bibi, na nawashukuru nyote. Nitaanza na khanga na mkeka, kisha nichange fedha za kazi moja ya kuchapa. Ninalo swali moja lililobaki: nakaa karibu na soko la vinyago la Mwenge, na kila muuzaji ananiambia kinyago chake ni mpingo. Nitautambuaje?

Jirani wa Vinyago amejibu:

Kinyanyue kwanza. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo kinyago kikubwa chenye uzito wa kitoto ni mti mwingine uliopakwa kiwi. Kigeuze utazame kitako, mahali ambapo msasa haukupita sana, na ukifute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Rangi ya dukani huachia. Ukiona mstari wa njano hafifu ubavuni usiukatae, huo ni sehemu ya nje ya mpingo wenyewe, na wachongaji hodari huuacha kwa makusudi.

Baada ya hapo tazama mchongo. Ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, huchongwa kwa wingi, na mara nyingi sura zote hufanana. Ukiupata ambao kila sura ina hali yake, umempata mchongaji. Kwenye vinyago vya mtindo wa Shetani, vyenye sura za ajabu za mizimu, ndiko ubunifu wa Wamakonde unakojidhihirisha zaidi, na George Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, karakana ya wasanii hapa Dar, kabla ya kufariki mwaka 2005, alizitoa sura hizo kwenye mti akazihamishia kwenye rangi.

Usikiweke mbele ya kiyoyozi wala dirishani, kitapasuka. Na usinunue kwenye meza za mbele tu. Zunguka nyuma ya vibanda kunakosikika patasi, umwombe mchongaji mwenyewe achonge jina lake chini ya kitako, kwa sababu wengi hawaandiki mpaka waombwe.