Upau wa maendeleo unakwama 0%, kisha unaruka hadi 100%

Swali
Wakuu, habari za kazi. Nina ukurasa unaosoma faili la CSV la wanachama wa SACCOS yetu, mistari 40,000. Ndani ya kitanzi (loop) nabadilisha `progress.value` kila mstari, lakini upau hausogei. Ukurasa unaganda sekunde kama 20, halafu ghafla 100%. Jana mama mhasibu alidhani imekufa, akaifunga katikati, tukaanza upya. Nakosea wapi?

Jibu la 1
Hesabu yako iko sawa, mkuu. Kivinjari kinatumia uzi (thread, yaani njia moja ya kazi) uleule kuendesha JavaScript na kuchora skrini. Kitanzi kikiushika, hakuna kuchora mpaka kiishe. Kata kazi vipande: kila baada ya mistari 500 weka `await new Promise(r => setTimeout(r))`, kivinjari kipate kupumua.

Jibu la 2
Naongezea: usiweke hiyo kila mstari! `setTimeout` zikiitana zaidi ya mara 5 mfululizo, kivinjari kinalazimisha angalau milisekunde 4 kila moja. Mara 40,000 ni sekunde 160 za kusubiri bure. Mimi ningehamishia kazi yote kwenye Web Worker (JavaScript inayoendeshwa kwenye uzi wake wa pembeni), iwe inatuma ujumbe kwa `postMessage` kila kipande kikiisha.

Mwulizaji
Vipande vya 500 vimekubali! Chini ya upau nimeandika pia "12,500 kati ya 40,000", maana asilimia tupu haimwambii mtu kitu. Mama mhasibu ameitazama mpaka mwisho bila kugusa kipanya. Ya Worker naijaribu kesho. Asanteni sana.