Naomba ushauri: kutoka na watoto mjini bila kumaliza mfuko

Habarini ndugu zangu. Nina watoto watatu, wa miaka 9, 6 na 2, na kila tukitoka, bajeti ya wiki nzima inayeyuka. Kiingilio si tatizo sana. Kinachoniumiza ni vitu vidogo vidogo: soda, aiskrimu, bembea za kulipia, halafu nauli ya kurudi wakati mdogo kashalala begani. Chakula na maji sasa tunabeba kutoka nyumbani, ingawa kwingine wanakataa getini. Bustani za umma tumezizunguka mpaka mkubwa ananuna (na simlaumu).

Nyie wenzangu mnawapeleka wapi? Makumbusho wa miaka 2 atavumilia kweli? Na waliojaribu kutoka katikati ya wiki wakati wa likizo, kuna unafuu wowote?