Tupeane uzoefu: nani anakumbuka Bulengo na Mugunga kabla mji haujatumeza?

Mwana wa Bulengo
Wandugu, jioni njema. Mtoto wangu wa darasa la tano amerudi na kazi ya nyumbani: "Historia na wakaaji wa kijiji chako." Kurasa mbili. Nikamwambia leta daftari, hiyo ni kazi ndogo. Nikaandika "Bulengo iko kando ya ziwa Kivu, magharibi ya Goma," kalamu ikakwama. Kijiji gani tena? Leo tuko kartie (mtaa) Lac Vert, komini ya Goma. Na wakaaji ni wangapi? Nilipita kwa shefu wa avenyu, akacheka mpaka akakohoa. "Andika unayotaka, nani atakuja kuhakikisha?" Ana haki. Serikali ya Kongo ilihesabu watu mara ya mwisho 1984, na mimi mwaka ule nilikuwa bado mgongoni.

Ninachokumbuka ni maharagwe mpaka kwenye maji, nyumba za mabao ambazo unazimaliza kwa vidole, na mama akivaa kitenge kizuri juu ya kwenda Goma, kwa sababu Goma ilikuwa safari. Nyinyi mliokulia huku, Mugunga, Bulengo, Keshero, hata Sake, mwageni. Mambo ya magazeti muyaache, nataka mlichokiona.

Chukudu Bila Breki
Keshero 1989. Ukisikia gari, watoto bote wanatoka kuangalia. Leo nikisikia gari nashika simu mufukoni.

Sambaza Mbichi
Sisi tulikuwa watoto wa wavuvi. Baba alikuwa na sehemu yake katika mitumbwi mitatu, ile inayofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinaning'inia mbele. Magharibi wanatoka wakiimba ili wapige kasia kwa pamoja. Ukilala Bulengo unawasikia mpaka usingizi unakushika. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, sambaza, wale samaki wadogo, haifuati taa, na hiyo wiki nyumbani ni sombe (majani ya muhogo) asubuhi, sombe jioni.

Koko wangu alikuwa anasema yeye akiwa msichana sambaza haikuweko. Nilidhani ni uzee. Kumbe kweli, ililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ikamwagwa ziwani, ikazaa.

Fundi wa Ndosho
Kwa hiyo sambaza nayo ni mkimbizi 😂

Sambaza Mbichi
Mkimbizi aliyepata kazi kabla yako.

Muzee wa Lac Vert
Mjadala mzuri, lakini tuseme ukweli. Wenyeji wa kweli hapa ni wachache. Siye tuliokuwa hapa kabla ya volkano ya 1977 tunajuana kwa majina. Hawa wengine walikuja na kila moshi. Moto ukitoka wanakuja, vita ikianza wanakuja, halafu kesho wanakuuliza parsele (kiwanja) yako ina karatasi.

Fundi wa Ndosho
Muzee, kwa heshima, baba yako mwenyewe si alivuka na mtumbwi kutoka kisiwa cha Idjwi? Umetuambia hapa hapa mwaka jana.

Muzee wa Lac Vert
Alivuka akakuta msitu. Alifyeka kwa mikono yake. Si sawa na mtu anayekuta barabara.

Fundi wa Ndosho
Kwa hiyo mwenyeji ni yule aliyekuja na mpanga. Aliyekuja na godoro kichwani ni mgeni. Nimeelewa.

Nyumba Kumi (msimamizi)
Hapo hapo mufunge. Mambo ya kabila na nani alianza kufika, nitayafuta. Ombi ni kumbukumbu. Mama Asifiwe, uliandika kitu ukakifuta. Rudisha.

Mama Asifiwe
Nilifuta juu ilikuwa ndefu. Haya.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikaa Mugunga, chini ya barabara, upande wa ziwa. Julai 1994. Siku ya kwanza tulisikia kama mvua inakuja kutoka mbali, na jua linawaka. Ilikuwa miguu. Barabara nzima imejaa, wakimbizi wa Rwanda wanatoka upande wa Goma na mbuzi, na masufuria, mwingine amebeba mlango wa nyumba yake kichwani. Mama akasema watapita, wanaenda Sake. Hawakupita. Siku ya kwanza walikaa barabarani. Siku ya pili wako ndani ya maharagwe yetu. Siku ya tatu nimefungua mlango wa jikoni, kuna mwanamke ameegemea hapo na mtoto, nikasema pole kama mimi ndiye niliyemkosea.

Baba alikuwa na mikaratusi kumi na miwili aliyopanda ajengee nyumba. Tuliamka tukakuta minne. Magharibi hakuna hata mmoja. Baba alikaa juu ya kisiki. Mtu akaja kuchimba mizizi ya kile kisiki kingine, baba akamwangalia, akampa tumbaku, wakavuta. Sikumsikia akiizungumzia ile miti tena mpaka anakufa.

Halafu kipindupindu. Nyie mnajua udongo wetu, jembe linagonga jiwe la volkano kabla halijazama urefu wa kiganja. Watu wanakufa na hakuna pa kuwazika. Waliviringishwa kwenye mikeka, wakalazwa kando ya barabara kama mizigo inayongoja kamioni, na kamioni kweli ilikuwa inapita. Askari wa Ufaransa walileta mashine za kupasua yale mawe. Wanasema walikufa kama 50,000 katika mwezi wa kwanza, makambi yote pamoja. Mimi sikujua hesabu. Nilijua tu mikeka kati yetu na shule.

Mama alikataza maji ya ziwa kama hayajachemka. Sawa, tuchemshe na nini? Msitu wa Virunga watu walikuwa wanakwenda kukata mbali zaidi kila siku, kuni zikawa bei ya nyama. Siku moja nimerudi nyumbani nikakuta maji yanatokota vizuri kabisa. Nikafurahi. Usiku ndipo nikajua walichoma kitanda changu.

Walikaa miaka miwili na zaidi. Novemba 1996 vita ikafika kambini, wakarudi kwa barabara ile ile kuelekea mpakani, siku nzima, wengine wakaingia Masisi na msitu. Pakabaki majivu, vikopo, na vipande vya bashi (maturubai) za buluu. Baba alipanda maharagwe mwaka uliofuata. Yalitoka mazuri sana. Hatukutaka kuyala, lakini tukayala.

Chukudu Bila Breki
Kitanda. Ee Mungu.

Wa Kenia, Lubumbashi
Niko Lubumbashi tangu 2003, huku nikisema Mugunga watu wanadhani ni jina la kambi tu. Hawajui kulikuwa na kijiji. Aksanti mama.

Bidoni Njano
Mimi ni wa "moshi" wa 2002, Muzee anisamehe. 17 Januari volkano ilipita katikati ya Goma, nyumba yetu ikakaa chini ya jiwe lenye urefu wa mutu. Upande wa magharibi haukuguswa, kwa hiyo bote walikuwa wanatafuta parsele huku. Baba akapata moja Bulengo, bei ya kutupa. Iko kwenye bonde dogo, kijani, karibu na maji. Tukasema Mungu ametufuta machozi. Muuzaji hakusema kitu. Majirani nao walinyamaza, nafikiri walidhani tunajua.

Asubuhi moja, ukungu bado juu ya ziwa, mbuzi wetu akakatika kamba akashuka kwenye shimo nyuma ya nyumba. Mudogo wangu, miaka saba, akamfuata. Nilikuwa naosha sahani. Nikaona mbuzi amelala, nikasema amechoka. Nikaona kuku wa jirani amelala naye. Halafu nikaona mudogo wangu anapiga magoti, taratibu, kama mutu anayeingia kanisani.

Nilikimbia. Hatua tatu ndani ya lile shimo, miguu ikakuwa bugali. Hakuna harufu, hakuna moshi, hewa iko safi kabisa kwa macho. Moyo unapiga masikioni. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Kitu kikanikamata shingoni kwa nyuma kikanivuta. Ilikuwa jembe. Mama jirani alinikamata kola ya shati kwa jembe kama anang'oa kisiki, huku anasema "Mazuku! Mazuku! Usishuke!" Mume wake akaja na upondo wa mtumbwi, akalala kifudifudi juu ya ukingo, akawa anatafuta kaptula ya mudogo kwa ncha ya mti. Alikosa mara mbili. Ya tatu ikashika mkanda. Wakamkokota juu ya mawe, magoti yote yamechunika. Alikuwa wa rangi ya majivu. Wakamweka kwenye upepo, juu. Akatapika. Akalia. Ile kilio, mpaka leo sijasikia muziki mzuri kama ule.

Leo ni motari (dereva wa pikipiki) pale Ndosho, ananidharau.

Sambaza Mbichi
Nimesimama kusoma hii. Na mbuzi?

Bidoni Njano
Alikufa.

Sambaza Mbichi
Najua alikufa. Nauliza mlimla?

Bidoni Njano
Baba alikataa. Majirani walimla. Hakuna aliyeugua.

Mama Asifiwe
Mbuzi wa mazuku haliwi! Kwetu tulikuwa tunatupa.

Fundi wa Ndosho
Mama, amekosa hewa tu, hakunywa sumu. Ile hewa ya mazuku ni nzito kuliko ya kawaida, inatoka ardhini inakaa mashimoni kama maji. Nyama iko nyama.

Muzee wa Lac Vert
Vijana mmesoma, mle. Mimi namtupa.

Chukudu Bila Breki
Muzee akitupa anipigie simu kwanza.

Wa Kenia, Lubumbashi
Samahani, ndugu yangu amenunua parsele huko mwaka huu. Afanye nini? Mnanitisha.

Muzee wa Lac Vert
Aulize wanawake wanaochota maji, siyo muuzaji. Wao wanajua kila shimo.

Fundi wa Ndosho
Ajaze mawe lile bonde, asawazishe. Wengi wamefanya.

Bidoni Njano
Tulijaza. Ikatokea mita chache pembeni. Ahame tu.

Mama Asifiwe
Asihame, ajenge juu, na watoto wasilale chini sakafuni. Na asubuhi mapema hakuna kushuka mabondeni, mungoje jua na upepo viitawanye. Usiku bila upepo ndio mbaya. Ukiona mtu ameanguka usimfuate, mvute na mti kama walivyofanya. Nimezika mtu na aliyemfuata, siku moja.

Sambaza Mbichi
Atembee na kuku mbele. Mishahara ya kuku ni midogo.

Nyumba Kumi (msimamizi)
Tumetoka kwa historia ya kijiji tumefika kwa mbuzi. Sawa. Kuna mwenye kumbukumbu ya 2021? Au ya zamani kabisa?

Muzee wa Lac Vert
Ya zamani: baba alikuwa anasimulia moto wa volkano ya Nyamulagira, 1938 mpaka 1940, uliotembea polepole mpaka ziwani karibu na Sake. Alisema maji yalichemka, samaki wakaelea wameiva, watu wakaokota. Ukipita Sake leo yale mawe meusi yako pale, yamekaribia kufunga ghuba ya Kabuno. Barabara inapita juu yake.

Fundi wa Ndosho
Na wale samaki walioiva walikula?

Muzee wa Lac Vert
Walikula.

Fundi wa Ndosho
Ila mbuzi wa mazuku unatupa. Sawa Muzee.

Mama Asifiwe
2021 nitasema kidogo. Volkano yenyewe, Jumamosi 22 Mei, haikufika kwetu, ilisimama Buhene huko. Lakini ardhi ilitetemeka siku nyingi, na tarehe 27 asubuhi gavana akaagiza kartie kumi zitoke mjini. Mugunga haikuwa katika hizo kumi. Nilikuwa nachoma mahindi kando ya barabara. Nikasikia ile mvua. Miguu. Nikajua kabla sijainua kichwa. Wote wanaenda Sake, magodoro, televisheni, mzee kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Binti yangu akasema mama, watapita? Niligawa mahindi yote, sikuuza hata moja siku hiyo.

Chukudu Bila Breki
Nilikuwa nasukuma chukudu siku ile. Nilikula mahindi ya mama mmoja Mugunga, bure. Kitenge cha njano.

Mama Asifiwe
Cha kijani. Lakini karibu.

Sambaza Mbichi
Mimi nina ya 3 Mei 2024, mabomu katika kambi ya waliokimbia vita. Siiandiki.

Bidoni Njano
Nami siiandiki.

Mwana wa Bulengo
Aksanti sana. Nimesoma yote nikiwa na mtoto pembeni, mengine nimemrukia. Yeye alikuwa na shida moja tu: wakaaji. Nikamweleza kwamba kambi ya Bulengo peke yake ilijaa mara ngapi na kumwagwa mara ngapi, 2023 hema mpaka kwenye ukingo wa ziwa, Februari 2025 makambi yakaambiwa yatoke, mabashi yakashushwa, watu wakaenda kwao au wakajibana kwa majirani. Nikamuuliza sasa utaandika siku gani? Akafikiri. Akaandika: "Wakaaji: inategemea." Mwalimu akampa 4 kwa 10 na akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Namba?"

Fundi wa Ndosho
Mwambie mwalimu aje ahesabu. Tutampikia sambaza.

Muzee wa Lac Vert
Au mbuzi.

Wa Kenia, Lubumbashi
Nimemtumia ndugu yangu mashauri yenu yote. Anauliza, kama hana ka taa kadogo ka mafuta ka kushusha shimoni kuona kama kanazimika, anaweza kutumia tochi ya simu?

Bidoni Njano
Tochi ya simu haizimiki na mazuku. Wewe ndiye utazimika, simu itabaki inamulika.