Mfaransa akihamia Montréal: kwa nini sikio lake hubadilika?

Mdadisi_Buja: Wakuu, naomba ufafanuzi. Watu wa Ufaransa wakifika Québec, jimbo la Kanada linaloongea Kifaransa, huona Kifaransa cha pale kimeharibika, lakini wakishakaa wengi wao huacha kusema hivyo. Ni mazoea tu? Na sisi tuliosomea Kifaransa Burundi au Kongo tuanzie wapi?

Irabu_Nne: Si mazoea tu. Mtu wa Paris hukua akiamini lafudhi ni ya wenzake, wa Marseille au Liège. Akitua Montréal, yeye ndiye anayeambiwa ana lafudhi. Hapo ndipo anaanza kusikia kanuni pale alipodhani pana makosa. T na D zikifuatwa na i, au u ya Kifaransa, hugeuka: *tu* huwa "tsu", *dimanche* "dzimanche". *Tout* haiguswi kamwe. Makosa hayana mpangilio wa namna hiyo! Tena Québec bado wanatofautisha matamshi ya *brin* na *brun*, *patte* na *pâte*; Paris wengi wameshazichanganya. Sasa nani kaharibu?

Mkalimani_MTL: Mdadisi, ninyi mna mtaji, maana Kifaransa chenu kilitoka Ubelgiji. *Déjeuner* asubuhi, *dîner* mchana, *souper* jioni: ndivyo wasemavyo Wabelgiji, na Québec ni vivyo hivyo. Anayekosea miadi ya chakula ni Mfaransa. Mtego wenu ni hesabu. *Septante* (70) na *nonante* (90) ziacheni nyumbani, Québec ni *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*. Namba ya simu itaje tarakimu moja moja, utaepuka yote hayo.

Kinachopoteza wengi ni *tu* ya ajabu: *Ça va-tu? Il est-tu là?* Hiyo si "wewe". Ni alama ya swali, kama "je" yetu, ila inakaa baada ya kitenzi, na ni kwa swali la ndiyo au hapana pekee.

Kuzoesha sikio, anza na taarifa ya habari ya Radio-Canada. Sikiliza dakika moja, andika ulichosikia, kisha linganisha na maandishi ya chini ya skrini. Tamthilia baadaye, huko wanaongea cha nyumbani na utakata tamaa mapema. Msamiati chukua hata leo (*courriel*, barua pepe; *magasiner*, kufanya manunuzi), lafudhi usiige, itaonekana dhihaka. Na *gosses*: Ufaransa ni watoto, Québec ni korodani. Usimuulize bosi hali zao.

Kalamu_Kavu: Sawa, ila sikio halibadiliki kwa kuvuka bahari tu. Mfaransa anayekaa na Wafaransa wenzake pale Plateau-Mont-Royal, mtaa wa Montréal, anaweza kumaliza miaka akilalamika kwamba Québec wamejaa Kiingereza, huku mwenyewe anasema *week-end* na *parking*. Wenyeji wanasema *fin de semaine* (wikendi) na *stationnement* (maegesho). Gereji ni habari nyingine. Huko utasikia Kiingereza: *brake* (breki) na *muffler* (eksozi).

Mdadisi_Buja: Nimeelewa. Hiyo *-tu* inafaa kwenye usaili wa kazi?

Mkalimani_MTL: Hapana. Kwenye usaili tumia *est-ce que* na *vous*, hata kama mwajiri ataanza yeye na *tu* ya "wewe". Akikuambia *on peut se tutoyer* (tunaweza kuitana *tu*), mfuate.