Mguu mmoja mfupi: nichuchumae vipi na chuma begani?

Hamjambo ndugu zangu wa mazoezi. Mimi nabeba vyuma hapa Kondele, Kisumu. Mguu wangu wa kushoto umepungua sentimita 1.5, mtaalamu wa viungo alinipima kwa utepe. Nikichuchumaa na kilo 80, nyonga hulala kushoto na chuma nacho hufuata, kwenye kioo ni kama boda iliyobeba gunia upande mmoja. Kesho yake kiuno kimekaza. Nilikata kipande cha kandambili nikakitia kiatuni, lakini kinabonyea nikishuka. Kwa kilo 50 kuna afadhali kidogo.

Je, niweke kitu kigumu chini ya soli nzima au kisigino tu? Na nifidie sentimita zote 1.5, ama nianze na nusu?