Ira Aldridge alijipaka rangi nyeupe. Nasi tujipake?

Mama Jukwaa, Tanga:
Wadau, naombeni mawazo. Kikundi chetu kinafanya mazoezi ya *Mabepari wa Venisi*, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare. Juzi nilimpaka poda nyeupe kijana anayecheza Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha. Alijitazama kwenye kioo, akatoka nje, akanawa bombani mpaka shingoni. "Mama, mimi sijifichi." Nikamweleza kuwa Ira Aldridge, mwigizaji mweusi wa Marekani aliyezaliwa New York 1807, alijipaka hivyo hivyo akacheza Shylock, na wafalme Lear na Macbeth wa Shakespeare, na Ulaya ikampigia makofi. Hakukubali. Swali langu: mwigizaji mweusi kujipaka weupe ni sawa na wale wazungu waliokuwa wanajipaka masizi kucheza Othello, yule jemadari mweusi wa Shakespeare?

Kaka Dau:
Ni sawa kabisa. Ukimkataza mzungu masizi, mkataze na huyu poda. Na huyo Aldridge msimfanye mtume. Alijitangaza kuwa ni wa ukoo wa kifalme kutoka Senegali, kumbe baba yake mhubiri tu pale New York. Ndivyo walivyo watu wakishavuka maji, wanajipachika ukoo.

Binti Mzizima, Minneapolis, Marekani:
"Wakishavuka maji"? Mimi nimevuka. Mwaka wa 11 huu nalinda wazee usiku, nawageuza kitandani kila baada ya saa mbili, na sijajipachika ukoo wowote. Unajua Aldridge aliondoka kwa nini? Kulikuwa na ukumbi wa watu weusi New York, African Grove, ulioanza 1821. Polisi waliingia wakawakamata waigizaji mchezo ukiendelea. Mwaka 1824 kijana akapanda meli kwenda Liverpool. Kwao hapakuwa na jukwaa la kusimama.

Kaka Dau:
Dada, sikukutaja. Nimetupa jiwe gizani, aliyelia ndiye limempata.

Binti Mzizima:
Limenipata ndiyo, na nitasema. Nyie mliobaki mnatuona wasaliti mpaka siku ya ada za shule.

Pwani Kwetu, Mombasa:
Hapo kwenye ada ameonewa mtu! Mimi sijapokea hata senti ya ng'ambo, watoto wangu watatu wamesoma kwa samaki. Tusijumlishane.

Mzee wa Maktaba:
Jamani, mama wa watu aliuliza habari ya rangi. Edmund Kean, Othello mkubwa wa London enzi zile, hata masizi hakujipaka. Alijipaka kahawia hafifu, maana hakutaka Othello aonekane mweusi tii. Machi 1833 akaanguka jukwaani kwenye ukumbi wa Covent Garden akicheza huyo huyo Othello. Mwezi uliofuata Aldridge akaitwa kushika nafasi yake. Kuna magazeti yalimshambulia hata kabla hajapanda jukwaani, na jambo lililowauma wengine ni kuona mkono mweusi umemshika mwigizaji wa kizungu aliyecheza Desdemona, mke wa Othello. Alicheza mara mbili tu, basi. Na ndio mwaka ambao Bunge lao lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa kwenye makoloni! Sasa mtu wa namna hiyo akijipaka weupe ili acheze Lear, utamweka kwenye mizani moja na Kean? Kean alikuwa na nafasi zote za kuigiza mkononi. Aldridge alikuwa anatafuta mlango.

Kaka Dau:
Mzee, umesema vizuri, lakini hukugusa Senegali. Na mwisho wake nasikia akafia Urusi, mbali na kwao.

Pwani Kwetu:
Si Urusi, ni Łódź, Poland, mwaka 1867.

Mzee wa Maktaba:
Mmesema kweli wote wawili. Łódź ni Poland, ila wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Urusi yenyewe alifika 1858. Yeye anasema Kiingereza, wenzake wanamjibu kwa lugha nyingine, na watu wanalia ukumbini. Taras Shevchenko, mshairi wa Ukraine aliyezaliwa mtwana wa bwana shamba, alimchora picha, wakawa marafiki.

Binti Mzizima:
Umeona, Kaka Dau? Mtwana wa kizungu alimtambua mwenzake bila kuulizana ukoo. Wewe umekwama hapo.

Mama Jukwaa, Tanga:
Tumetoka Venice tumefika Minneapolis. Jana nimemwacha kijana acheze bila poda. Tumemvika ndevu za katani na kanzu nyeusi ya babu yake. Alipofika pale Shylock anapouliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, alinyoosha mikono yake mwenyewe mbele, viganja juu, na wale watoto wanaochungulia dirishani wakanyamaza. Nilikuwa nimekosea kumficha. Lakini bado sijui nimwambie nini kuhusu Aldridge.

Kaka Dau:
Mwambie alidanganya kuhusu Senegali.

Binti Mzizima:
Mwambie ule ukoo wa Senegali ulikuwa kwenye matangazo ya kuuza tiketi, na wenye kumbi waliufurahia kuliko yeye. Mtu akikuambia huna asili, unaitaja hata usiyoijua. Nimeona hilo huku kwa macho yangu. Kaka Dau, njoo uishi hapa majira ya baridi moja, halafu tuongee.

Pwani Kwetu:
Mama Jukwaa, onyesho ni lini? Na kiingilio je?